Wekundu wa chupa si wekundu wa damu

Kwenye maduka ya dawa ya Gumbo, upande wa mashariki wa Mto Nile, pale malori yatokayo Nimule, mpakani na Uganda, yanapopunguza mwendo kabla ya kuvuka daraja kuingia Juba, rafu ya mbele haiwekwi dawa ya malaria. Huwekwa sirapu nyekundu za "kuongeza damu". Zipo za chupa ndogo na za chupa kubwa, zenye picha ya mama aliyenona na mtoto anayecheka. Pembeni yake zipo sindano za vitamini B, nazo nyekundu, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi ya asili ya vitamini B12, na mteja akishaiona rangi hiyo ndani ya bomba hana swali tena. Asiye na pesa ya chupa hununua karkade sokoni, au soda nyekundu, au hutafuta bitiruti akasaga.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimezaliwa Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, na kazi ya hadubini imenifikisha hapa Rejaf, kusini mwa Juba, ambako nasoma damu za watu katika kituo kidogo cha afya kinachotumia umeme wa jua. Siwacheki wanaohangaikia damu zao. Mwanamke wa huku anayeingia maabara akasema "dom mafi", kwamba damu hakuna, mara nyingi anakuwa sahihi kabla sijamtoboa kidole. Karkade nami naipenda, hasa mwezi wa Machi joto linapokuwa halisemeki, lakini wekundu wake ni wa ua. Ninachobishana nacho katika makala hii ni dhana kwamba kupungukiwa damu ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja, na kwamba vitamini ni kitu ambacho mtu hawezi kukizidisha. Dhana hiyo ya pili ni ya hatari, na hatari yake kubwa zaidi iko kwa mama wajawazito.

Kwanza tuiangalie damu yenyewe. Chembe nyekundu huzaliwa ndani ya uboho wa mfupa ikiwa na kiini, kama seli nyingine yoyote. Kabla ya kutoka kuingia kwenye mishipa hukitema hicho kiini, kisha hupoteza na mitokondria, vile viungo vidogo vinavyozipa seli nguvu. Kinachobaki ni kifuko cha hemoglobini. Inakuwa kama lori lililotumwa safari ndefu bila utingo wala fundi: kilichopakiwa siku ya kuondoka ndicho kitakachotumika mpaka mwisho. Safari yenyewe ni ya siku 120 hivi, na kuziba pengo la zinazokufa, mwili wa mtu mzima hutengeneza chembe mpya kiasi cha milioni mbili kila sekunde.

Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa madini ya chuma peke yake. Chuma ni sehemu ya hemoglobini, sawa. Lakini ili seli mama iliyo kwenye uboho igawanyike, lazima inakili vinasaba vyake, na kazi ya kunakili inategemea vitamini mbili za kundi B zinazokwenda pamoja: foleti, ambayo madukani tunaijua kama asidi ya foliki, na B12. Zikikosekana, seli inaendelea kunenepa huku kiini chake kimekwama. Nyingi hufia humo humo ndani ya uboho. Chache zinazofanikiwa kutoka zinatoka zikiwa kubwa kupita kiasi, na umri wao ni mfupi. Kisha ipo B6, ambayo bila yake hatua ya kwanza kabisa ya kutengeneza hemu, ile sehemu ya hemoglobini inayoshika chuma, haianzi. Chuma kinaweza kuwepo cha kutosha na damu isitengenezeke.

Chembe ikishaingia barabarani inahitaji vitamini nyingine. Haina mitokondria, kwa hiyo nishati yake yote inatokana na kuchachusha sukari, na uchachushaji huo hauendi bila niasini. Inabeba oksijeni mchana na usiku, na oksijeni hiyo hiyo huichoma kwa ndani. Kinachoiokoa ni kinga iitwayo glutathioni, ambayo kila ikishatumika hurudishwa kazini na kimeng'enya kinachotegemea riboflavini, yaani B2. Thiamini, B1, nayo ina kimeng'enya chake ndani ya chembe hiyo hiyo. Ndiyo maana wataalamu wakitaka kujua kama mtu ana B1 au B2 ya kutosha mwilini, hawahangaiki na ini wala ubongo wake. Wanachukua chembe zake nyekundu na kupima vimeng'enya hivyo vinafanya kazi kiasi gani.

Vipimo vya namna hiyo Rejaf hatuna. Tuna hadubini, rangi ya Giemsa, kipimo cha hemoglobini na macho. Hata hivyo macho yanafika mbali. Kwenye slaidi nyembamba naona chembe ndogo zilizopauka, katikati karibu tupu: huyo amepungukiwa chuma, na huku mara nyingi ni minyoo ya safura au uzazi wa kufuatana. Naona zilizopinda, selimundu. Naona pete za malaria. Halafu kuna slaidi ambayo ukiitazama haraka utasema ni ya mtu mwenye afya tele, maana chembe zake ni kubwa, zimejaa, zina umbo la yai. Shida ni kwamba ni chache. Ukitafuta karibu nazo utakuta chembe nyeupe ambayo kiini chake kimegawanyika vipande vitano au sita badala ya vitatu. Hapo hakuna ubishi, foleti au B12 imepungua.

Wagonjwa wa aina hii ni wachache kuliko wale wa chuma, na nisingependa msomaji afikiri vinginevyo. Lakini wengi wana vyote viwili kwa pamoja, na hao ndio wanaopotea. Upungufu wa chuma unafanya chembe kuwa ndogo, upungufu wa foleti unazifanya kubwa, na mashine za kisasa za hospitali kubwa za mjini hutoa wastani. Ndogo na kubwa zikichanganywa, wastani unakuja wa kawaida. Mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi safi na hemoglobini ya 7. Kwa kesi kama hiyo naamini bado jicho la fundi juu ya slaidi linaishinda mashine, na wakubwa wanaopanga kufuta mafunzo ya kusoma slaidi wangefikiria tena.

Kwa nini foleti iwe tatizo hapa, penye majani mabichi kila upande mvua zikinyesha? Sababu mojawapo ni malaria. Kila mdudu anapopasua chembe, uboho unatakiwa kutengeneza nyingine kwa haraka, na foleti inaliwa. Akiba ya foleti mwilini ni ya miezi mitatu au minne tu. Mimba nayo inaongeza mahitaji. Mwanamke aliyepata malaria mara mbili katika msimu mmoja, akiwa na mimba ya miezi sita, na kiangazi kikali kimekausha bustani, anaweza kuimaliza akiba yake yote. Kwa hiyo anakwenda kununua. Na hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Sudan Kusini, kama Tanzania, Kenya na Uganda, inawapa wajawazito SP kliniki. Ni mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini, vidonge vitatu vinavyomezwa kwa mkupuo, kuanzia mimba inapoingia mwezi wa nne, kisha kila mahudhurio, mradi uwe umepita mwezi. Watu wazima bado wanaiita Fansidar. SP inafanya kazi kwa njia moja tu: inamnyima mdudu wa malaria foleti. Mdudu huyo naye anajigawa, naye anahitaji kunakili vinasaba, na tofauti na sisi ana uwezo wa kujitengenezea foleti mwenyewe. Dawa inaikata njia hiyo sehemu mbili. Lakini mdudu ana mlango wa pili. Anaweza kuokota foleti iliyokwisha kutengenezwa, inayoelea katika damu ya mama. Mama akiijaza damu yake foleti, anamlisha na adui.

Hili limepimwa. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2006 ulichukua wajawazito wenye malaria waliotibiwa kwa SP, wakagawanywa: wengine wakapewa foleti ya miligramu 5 kwa siku, wengine miligramu 0.4, wengine kidonge kisicho na kitu. Waliopewa miligramu 5, tiba iliwashinda takriban mara mbili zaidi ya wenzao. Waliopewa 0.4 hawakuwa na tofauti na wale wa kidonge kitupu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito apewe mikrogramu 400, ambazo ndizo hiyo miligramu 0.4, pamoja na miligramu 30 hadi 60 za chuma, na kwamba kidonge cha 5 kisitumike sambamba na SP.

Sasa rudi Gumbo, kwenye rafu ile. Kidonge cha njano kinachouzwa kwa mafungu ni cha ngapi? Ni cha miligramu 5. Mara kumi na mbili na nusu ya kile anachohitaji mama.

Jirani yangu, binti wa Kibari aliyeolewa na dereva wa malori kutoka Mombasa, alinionyesha vidonge alivyoletewa na mumewe kwa mapenzi mema. Viwili kwa siku. SP alikuwa ameimeza kliniki wiki hiyo hiyo. Nyumbani kwao Kiswahili ndiyo lugha ya mezani, kwa hiyo tulielewana vizuri. Akaniuliza, "Mama, kwani vitamini inamdhuru nani?" Nikamwambia, "Mwanangu, wewe haikudhuru. Inamsaidia aliyekuja kukudhuru." Hakuna mtu kliniki aliyemuuliza anameza nini nyumbani, na hakuna mtu dukani aliyemuuliza kliniki amepewa nini. Wa kulaumiwa simtafuti. Natafuta swali moja liulizwe pande zote mbili.

Nisieleweke vibaya, kidonge cha miligramu 5 kina kazi zake. Mgonjwa wa selimundu ambaye chembe zake zinakufa kabla ya wakati anaweza kuandikiwa. Mwanamke aliyewahi kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi naye hupewa dozi kubwa kabla ya mimba inayofuata. Na pakikosekana kabisa kidonge kidogo, utaratibu unaojulikana ni kusitisha kile kikubwa kwa wiki mbili baada ya kumeza SP. Lakini haya yote yanataka mtu mwenye ujuzi aseme. Hayataki rafu.

Mpemba akizungumza juu ya foleti na malaria hawezi kuinyamazia Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulifanyika kwetu utafiti mkubwa, ukihusisha Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo hapo Wawi nilipozaliwa, juu ya watoto zaidi ya 24,000 walio chini ya miaka mitatu. Nia ilikuwa njema: kuwapa chuma na asidi ya foliki kila siku ili damu zao zisipungue. Agosti 2003 sehemu ya chuma na foliki ilisimamishwa. Watoto waliokuwa wakipewa walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa hospitali kuliko waliopewa kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, na sera ikabadilika dunia nzima. Nepal, ambako utafiti pacha ulifanyika mahali pasipo na malaria, madhara hayo hayakuonekana. Wengi walielekeza kidole kwa chuma, na huenda wana haki, ila kidonge kilikuwa na vyote viwili. Jambo ambalo watu husahau kulitaja ni hili: katika kundi dogo la watoto wa Pemba waliofuatiliwa kwa karibu, wakapimwa damu na kutibiwa malaria mapema, wale waliokuwa wamepungukiwa chuma kweli walinufaika. Kilichotenganisha faida na hasara ni kupima kwanza.

Kuna na B12, ambayo tabia yake ni ya kificho. Haipo kwenye mboga wala nafaka. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na ini la mwanadamu huweka akiba yake ya miaka kadhaa. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa nyama na maziwa kwa muda mrefu asione kitu. Hapa wako watu waliopoteza mifugo yao kwa vita, ile iliyoanza Desemba 2013 na ile iliyorudi Julai 2016, na tangu hapo maziwa wameyaona kwa jirani. Akija mzee wa namna hiyo na hemoglobini ya chini, mkononi ameshika sirapu yenye foliki nyingi, damu yake itapanda kweli, kwa sababu foliki nyingi inaweza kuziba pengo la B12 kwenye uboho. Kwenye mishipa ya fahamu haiwezi. Damu inapanda, familia inashukuru, na miguu inazidi kufa ganzi mpaka mzee anashindwa kujua ameweka wapi unyayo. Uharibifu huo ukikaa sana haurudi. Kwa maoni yangu, mtu yeyote anayelalamika ganzi na uchovu kwa pamoja asiuziwe foliki peke yake.

Juu ya B6 niseme kidogo tu. Dawa ya TB iitwayo isoniazidi huishusha vitamini hiyo mwilini, na ndiyo maana kliniki ya TB hutoa piridoksini. Wagonjwa wengi hukiacha kile kidonge kidogo wakidhani si dawa. Wakimeze.

Nani ameyaandika haya kwa lugha wanayoisoma watu wa hapa? Rejaf ina historia katika jambo hilo. Mwaka 1928 ulifanyika hapa mkutano wa serikali ya kikoloni na wamisionari kuamua lugha zitakazofundishiwa shule za vijijini kusini mwa Sudan, na Kibari kikawa mojawapo ya zilizochaguliwa. Karibu miaka mia imepita, na kibandiko cha kidonge cha foliki kinachouzwa kwenye ardhi hiyo hiyo ya Wabari hakina neno moja la Kibari, wala la Kiarabu cha Juba, wala la Kiswahili cha madereva. Tarakimu ya 5 na tarakimu ya 0.4 ndizo pekee anazoweza kuzitambua mama, na hakuna aliyemwambia zina maana gani.

Nikiulizwa vitamini B zitoke wapi basi, nitasema zitoke kwenye chungu na kwenye gunia la unga. Dunia ilizifahamu kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1926 huko Boston, George Minot na William Murphy waliwaokoa wagonjwa wa upungufu wa damu uliokuwa hauponi kwa kuwalisha maini tu, na mwaka 1934 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Lucy Wills, daktari wa Kiingereza, alikwenda Bombay mwaka 1928 akawakuta wanawake wajawazito wa viwanda vya nguo wanakufa kwa damu zenye zile chembe kubwa ninazoziona mimi. Hakuanza na kemia. Alianza kwa kuchunguza wanakula nini, tajiri kwa maskini. Kilichowainua kilikuwa rojo la hamira, kitu cha bei rahisi. Foleti yenyewe ilikuja kutengwa baadaye, mwaka 1941, kutoka kwenye majani ya spinachi.

Rejaf haikosi vyakula hivyo. Mto uko pale, na wavuvi wanatoa bulti, yaani sato, na garmut, yaani kambare, na samaki mkavu hana mpinzani kwa B12 ya bei nafuu. Karanga zilizosagwa, ambazo mama wa huku anazitia karibu kila mchuzi, zina niasini na foleti kwa wingi. Kuna kunde na maharage. Kuna khudra, ule mlenda wetu. Kisra, mkate mwembamba wa mtama, inachachushwa, na uchachu wa nafaka mara nyingi huongeza baadhi ya vitamini B. (Pombe ya mtama nayo inachachushwa, jirani zangu hunikumbusha kwa kicheko. Nawajibu kuwa nilitumwa kusoma damu, sikutumwa kutoa fatwa.) Maini ya ng'ombe yapo sokoni asubuhi, ila mila ya kumpa baba kwanza inapaswa kuulizwa swali pale ambapo mwenye mimba ni mama.

Mapishi ndiyo yanayotuangusha. Foleti hutoka na maji na hufa kwa moto. Khudra ikichemshwa nusu saa na maji yake yakamwagwa, sehemu kubwa imekwenda nayo. Magadi yanayotiwa ili mboga ilainike yanaiua thiamini. Mboga iingie mwisho, ipikwe kwa muda mfupi, na maji yake yaliwe.

Na unga. Hapa nina ugomvi na serikali, zetu zote. Malori yanayopita mbele ya macho yangu kutoka Nimule, kwenye barabara ya kilomita 192 iliyokamilika kutiwa lami mwaka 2012, yanaleta unga wa mahindi wa Uganda kwa mji mzima. Unaopendwa ni mweupe kabisa, uliokobolewa, kama sembe ya kwetu. Kukoboa kunaondoa kiini cha mbegu na pumba, na humo ndimo thiamini, niasini na B6 zilimokaa. Chakula kilichopoteza vitamini hizo si jambo la kubahatisha katika ukanda huu. Kati ya 2009 na 2010 wanajeshi 241 wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walivimba miguu na kushindwa kupumua, wanne wakafa, na wengine wakasafirishwa kwa ndege kwenda hospitali za Kenya na Uganda. Walikuwa vijana wenye nguvu, na walioathirika ni wale waliokuwa wakila chakula cha kambi peke yake. Dalili zao zilikuwa za beriberi, ugonjwa wa kukosa thiamini. Walipopewa thiamini, walipona haraka sana.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha unga wa mahindi ulioongezewa virutubishi, na orodha yake inataja B1, B2, niasini, B6, foleti na B12, pamoja na chuma, zinki na vitamini A. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011, Kenya ikaufanya uwe lazima mwaka 2012. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2016. Tatizo ni kwamba vinu vidogo haviguswi na sheria hizo, na vinu vidogo ndivyo vinavyosaga sehemu kubwa ya unga tunaokula. Lakini mpakani panawezekana kufanyika kitu. Mwaka 2023 maofisa wa viwango wa Sudan Kusini waliyazuia malori ya mahindi kutoka Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na kelele zake zilifika Kampala. Mkono uliozuia sumukuvu unaweza kuuliza pia: unga huu una foleti? Uongezewe kwa kiasi cha kiwango, ambacho ni kidogo, cha kila siku, na hakina uhusiano na ile dozi ya miligramu 5 inayoilemaza SP.

Wizara ya Afya iliyopo Juba na wenzao wa Dodoma, Nairobi na Kampala wanaweza kuanza na hatua isiyo na gharama kubwa: foliki ya miligramu 5 isiuzwe kwa mjamzito bila karatasi, na kliniki zisikae bila kile cha 0.4 kilichochanganywa na chuma. Wakati wakilifikiria hilo, wewe msomaji mwenye mke, dada au binti mwenye mimba, mwombe akuonyeshe leo kidonge cha damu anachomeza. Soma nyuma ya karatasi yake. Ikiwa imeandikwa 0.4, au mikrogramu 400, aendelee. Ikiwa imeandikwa 5 na kliniki wanampa SP, asikimeze tena mpaka akionyeshe kwa mkunga.